Kilomita za Fundi

Fundi hajawahi kukimbia hata kumfukuza kuku. Nalisema hili mapema kwa sababu mgeni akisikia kwamba kuna mzee wa Ngamiani aliyenifundisha mbio ndefu, huwaza mtu mwembamba, mguu mkavu, medali zimetundikwa ukutani. Fundi alikuwa na kitambi. Alikuwa akitengeneza baiskeli Barabara ya Kumi na Nne, mkabala na duka la dawa ninakouza, na safari ndefu kuliko zote alizowahi kwenda kwa miguu yake, kwa maneno yake mwenyewe, ni kutoka kwenye benchi lake hadi msikitini. Zaidi ya hapo anapanda baiskeli kama watu wote wa Tanga.

Nimekaa mkabala naye miaka kumi na moja na bado sijammaliza.

Hukaa ameipa barabara mgongo. Mwanzoni nilidhani anakwepa jua, kumbe ndivyo anavyofanya kazi. Mteja akija anasukuma baiskeli yake, Fundi hageuki. Anasikiliza, halafu anauambia ukuta ulio mbele yake: "Gololi za gurudumu la mbele zimekwisha. Na hiyo cheni umeitia mafuta ya kupikia, usinibishie." Mteja anainama, anagusa, ananusa kidole. Ni mafuta ya kupikia. Nimeyaona haya si mara moja wala mbili, na kila mara mwili unanisisimka, ingawa mimi ni mtu wa kusoma maandishi madogo kwenye maboksi ya dawa na siamini mambo kirahisi.

Binadamu nao huwatambua kwa nyayo. Mama yangu akipita kwenda kununua nazi, Fundi humwambia kabla hawajaamkiana, "Goti la kushoto hilo, bibie. Lifunge kitambaa." Mama, ambaye ni rika lake na haogopi mtu, hujibu, "Na wewe ufunge mdomo." Wanacheka wote wawili. Jioni Mama anakuja dukani kwangu kuomba dawa ya kuchua goti la kushoto.

Ulimi wake si wa sukari. Baiskeli huzibembeleza, huziita "mama" na "mpenzi," akikaza spoki utadhani anamfunga mtoto vifungo vya shati. Wenye baiskeli ndio wanaosemwa. Aliwahi kumfukuza mteja kwa sababu aliiangusha baiskeli chini badala ya kuisimamisha. Fundi huyo huyo alikuja dukani kwangu kila siku kunihubiria ubaya wa sukari, kashata ya karanga mkononi, na nikimwonyesha mkono wake kwa macho, alisema hiyo ni karanga. Sifa nayo hajui kuitoa. Ukifanya jambo zuri kabisa, jambo la kupigiwa vigelegele, Fundi atatikisa kichwa na kusema, "Si mbaya kama ya jana." Nimeishi miaka mingi nikiyatafuta maneno hayo matano kama dhahabu.

Nilianza kukimbia baada ya kumzaa mwanangu wa pili, daktari aliponiambia presha yangu haimpendezi. Mume wangu, anayefanya kazi bandarini, alisema kimbia tu, nani kakushika. Waliotaka kunishika walikuwa majirani. Nilikuwa natoka baada ya sala ya alfajiri, gauni refu, suruali ndani, ushungi umebanwa kwa pini tatu, na bado nilisikia madirishani: "Yule kafukuzwa na nani?" Mwingine akajibu, "Na umri." Wiki ya tatu niliamua kuacha.

Siku niliyoamua hivyo nilimkuta Fundi mlangoni kwetu, na baiskeli yake nyeusi, kanzu ameikunja hadi magotini na kuibana kwa vibanio vya nguo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Wewe nenda. Mie niko nyuma."

"Kwa nini nyuma?"

"Nikiwa mbele utanifuata mie. Nikiwa nyuma utaifuata njia."

Nikaenda. Na madirisha yakanyamaza, maana nani angemsema mwanamke ambaye nyuma yake kuna mzee wa safu ya kwanza msikitini? Alinifanyia hivyo miaka minne, mvua na jua, na katika miaka hiyo sikuwahi kumwona akiwa mbele yangu. Nilimjua kwa sauti ya cheni tu. Nikilegea, nilisikia, "Bega." Nikizidisha mbio, nilisikia, "Wenda wapi?" Alilijua kosa la mguu wangu wa kulia kabla yangu. "Wauburuta," alisema. "Si sana. Kama mtu aliyesahau kitu nyumbani."

Sasa niseme habari ya vipimo, kwa sababu humo ndimo yalimo yote.

Fundi hana saa na simu yake ni ya kupigia tu. Nilipomwambia nataka kujua nimekimbia umbali gani, alilipima gurudumu lake kwa tepu ya fundi cherehani, akakaa na mwalimu mmoja wa hesabu wakagawanya juu ya kipande cha boksi, wakapata gurudumu lizunguke mara ngapi ili ifike kilomita moja. Kisha akafunga kitambaa chekundu kwenye spoki moja. Kila gurudumu likizunguka, kitambaa kinagonga chuma: pa. Kila pa, anasukuma punje moja ya tasbihi aliyoizungusha kwenye kiganja. Tasbihi ikiisha, anahamisha gololi moja kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Raundi nne na punje kadhaa za juu, kilomita imetimia. Hapo anashuka, anatoa kopo la rangi ya kijani iliyobaki kwenye fremu za watu, anaandika namba kwenye nguzo ya umeme.

Aliipima hivyo barabara ya Pangani, peke yake, siku tatu mfululizo. Mwahako, Mwambani, hadi mbele ya Tongoni: nguzo ishirini na moja. Nenda na rudi, arobaini na mbili, na kipande kidogo cha kumalizia alichokiwekea alama ya mchoro wa pampu. Kazi yote hiyo kwa ajili ya mwanamke wa duka la dawa aliyekuwa akikimbizwa na presha.

Kwa nguzo hizo nilijijua. Na kwa nguzo hizo nilijiandikisha marathoni kubwa ya Dar es Salaam, kisha nikajuta. Kanuni ilikuwa imeandikwa wazi: mbio zinaanza saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana barabara inafunguliwa kwa magari, na aliyebaki njiani anapandishwa basi. Mimi mwezi mmoja kabla nilikimbia nguzo zote, Ngamiani hadi mbele ya Tongoni na kurudi, na nilitumia saa sita na dakika ishirini. Nilikokotoa kila namna. Kila namna nilijikuta ndani ya basi, ushungi umeloa, watu wa mtaa mzima wakiniuliza nikirudi: medali iko wapi?

Nikamwambia Fundi nataka kujitoa. Akasema, "Umeshaaga?"

Hapo ndipo aliponimaliza, kwa sababu kwetu mtu hasafiri kwa jambo kubwa bila kuaga. Unazunguka nyumba kwa nyumba, unaomba radhi, unaombewa dua. Na ukishaaga hujitoi. Nilikuwa nimeshaanza. Na huwezi kuaga bila kula, kwa sababu mwenye nyumba ataona umemdharau. Wiki ile ya mwisho, wiki ya kujichunga tumbo, nilikuwa na nyumba saba za kumalizia, na kila nyumba ina sinia.

Fundi alikuwa amenikataza kula chochote kigeni. Alikuwa pia hawezi kumvunjia mtu heshima kwenye mkeka wake. Kwa hiyo akanisindikiza, na kila nyumba alisema, "Huyu amefunga kwa amri yangu. Mie nala kwa niaba yake." Akala. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mihogo, tambi, visheti. Nyumba ya tano nilimwona jasho likimtoka. Nyumba ya saba alikula vijiko vitatu vya bokoboko huku amefumba macho. Kesho yake asubuhi benchi lake lilikuwa tupu, na mkewe alikuja dukani kwangu kutaka dawa ya tumbo. "Kanituma nimwambie mwanariadha wake," alisema, "kwamba hii ndiyo marathoni."

Tukaondoka siku nne kabla ya mbio, tukafikia kwa dada yake Fundi, Temeke. Nilitegemea kuogopa mimi. Aliyeogopa ni yeye. Mtu yule wa kusikia gololi zilizoisha, Dar hakusikia kitu. Honi, bodaboda, vipaza sauti vya maduka. Kuvuka barabara alinishika mkono wangu, mimi mwanawe wa mtaa, akawa anageuza kichwa huku na huku, na kila tukivuka alinong'ona, "Hapa hakuna sauti. Hapa kuna kelele." Jioni alikaa kibarazani kwa dada yake, ameipa barabara mgongo kama kawaida, na nikaona kwamba safari hii haikumsaidia. Nilimhurumia. Nilikuwa nimemzoea akiwa anajua kila kitu.

Siku mbili kabla ya mbio alisema nijinyooshe kidogo asubuhi. Dada yake ana binti, Zuhura, anayefanya kazi benki na aliyejiandikisha kukimbia kilomita kumi. Zuhura akanivalisha saa yake, ile inayojua mwendo na umbali. Fundi akaazima baiskeli ya jirani, akakaa nyuma. Tulikwenda mwendo wangu wa siku zote kwenye barabara ya lami iliyonyooka, na saa ikalia.

"Kilomita moja," alisema Zuhura.

"Bado," alisema Fundi kutoka nyuma.

Tukaendelea. Ikalia ya pili. Ya tatu. Kila mara ililia kabla mwili wangu haujaona kwamba umefika, na dakika zilizoandikwa pale sikuwahi kuzipata Tanga.

"Saa hii imezaliwa Dar," alisema Fundi. "Ina haraka."

Zuhura ni mpole lakini ni mtu wa benki. Aliitoa simu yake, akaipima njia ile ile, ikasema vile vile. Basi Fundi akashuka, akachana kipande cha leso, akakifunga kwenye spoki, akalipima gurudumu kwa tepu ya dada yake, akatoa tasbihi. Alikuwa na hakika. Tukamfuata kwa miguu kando yake. Pa, pa, pa, punje zikisogea moja moja, midomo imefungwa, na mimi nikimtazama kwa fahari, kwa sababu sikuwahi kumwona kwa macho yangu akipima.

Punje zikaisha. Kidole chake kikafika kwenye ile punje ndefu ya mwisho, inayoitwa imamu. Midomo ikaanza kutembea. Gurudumu likaendelea kuzunguka, pa, pa, pa, na kidole kimetulia pale pale. Baada ya muda alihamisha gololi mfukoni, akaanza upya punje ya kwanza.

Zuhura akauliza, "Mjomba, na hizo za katikati mbona hujazihesabu?"

"Zipi?"

"Hizo ulipokuwa unasoma."

"Hizo ni za Mtume," alisema Fundi, bila kusimama. "Imamu haivukwi kimya. Mtu anamswalia Mtume mara tatu, kisha anaomba haja yake. Hizo hazihesabiwi..."

Hapo baiskeli ikasimama.

Sijui nielezeje uso wake. Alisimama katikati ya barabara ya Temeke, mguu mmoja chini, akakitazama kile kitambaa. Kila raundi, gurudumu lilizunguka mara nane au tisa wakati yeye yuko kwenye dua. Raundi nne kila kilomita. Zuhura alishaanza kubonyeza simu: mita sabini na kitu za ziada kila kilomita. Nguzo arobaini na mbili. Nilikuwa nimekimbia kilomita tatu zaidi ya marathoni, na ile saa sita na dakika ishirini haikuwa yangu. Yangu ilikuwa kama saa tano na dakika hamsini na tatu.

Nilipiga kigelegele pale pale barabarani. Fundi hakucheka. Alirudi nyumbani akisukuma baiskeli, na chai hakuinywa.

"Nirudi Tanga," alisema. "Sina tena la kukufaa. Masikio yamekufa mjini humu, na vipimo vyangu ni vya uongo. Miaka minne nakupimia uongo."

"Fundi, umenifaa. Nitafika kabla ya saa sita."

"Mtu wa vipimo akikosea kwa wema, amekosea vilevile. Msikitini twasomewa habari za wanaopunja vipimo, nami niko safu ya kwanza, nasikiliza kana kwamba wanasemwa wengine."

Dada yake alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Wale walipunja," alisema. "Wewe umezidisha. Kunywa chai."

Nilimuuliza, ili tu asinyamaze, ni haja gani aliyokuwa akiiomba kwenye imamu siku zile anapima. Aliizungusha tasbihi kiganjani kwa muda mrefu. "Nilisema, Mola, atakayepita hapa mfikishe. Basi." Akainywa chai, imepoa.

Nimekisoma kile kisa kichwani mwangu mara nyingi, na sijapata mahali pa kukiweka. Kuna watu walioniombea dua. Sijui mwingine ambaye dua yake niliikanyaga kwa miguu, asubuhi kwa asubuhi, nikilalamika kwamba kilomita za huyu mzee ni ndefu.

Siku ya mbio baiskeli hazikuruhusiwa, kwa hiyo kwa mara ya kwanza Fundi hakuwa nyuma yangu. Nilikimbia nikiisikiliza cheni isiyokuwepo. Jua lilipanda, watu wakaanza kukaa pembeni, na kwenye kilomita ya thelathini na nane, pale wanapokwisha wengi, miguu yangu ilikuwa haijui kwamba inatakiwa iishe, kwa sababu kwa hesabu iliyoizoea njia bado ilikuwapo. Basi la kuokota watu nililiona nyuma yangu mara mbili. Nilivuka mstari saa sita kasoro dakika nne.

Zuhura ndiye aliyenieleza yaliyotokea kwenye uzio. Kipaza sauti kinapiga kelele, ngoma, vuvuzela, na Fundi ameipa barabara mgongo, viganja usoni, hawezi kutazama. Zuhura alikuwa bado hajaniona katika kundi la watu. Fundi akaondoa viganja. "Wa kulia unaburuta," alisema. "Ni huyo." Ndipo akageuka.

Nilipomfikia alikuwa analia waziwazi, kitambi kinatikisika. Nilimvalisha medali mimi, shingoni, juu ya kanzu. Aliipima uzito kwa kidole.

"Si mbaya kama ya jana," alisema.

Tulipofika Tanga alinunua kopo jipya la rangi ili azirudie nguzo. Nikamwomba asizirudie. Vijana wa mbio walikuwa wameshaongezeka, wanaziita kilomita za Fundi, na wakienda kushindana mahali pengine wanarudi wakicheka. Hakukubali wala hakukataa. Kopo lilikaa chini ya benchi, halijafunguliwa, na kila nilipolitazama alisema, "Siku moja nitazisahihisha, nisije nikaulizwa."

Mwaka huu moyo wake umechoka. Hilo ni neno la daktari wake, na ugonjwa wenyewe una jina refu zaidi, ambao mimi nauza dawa zake. Benchi limehamia kwa mwanafunzi wake, na Fundi amehamia kwa binti yake, Mwahako, hatua chache kutoka barabara ya Pangani. Daktari ameagiza atembee kilomita moja kila asubuhi, isizidi. Mtu ambaye hajawahi kukimbia hata kumfukuza kuku. Mwezi uliopita binti yake alinipigia simu: Baba hataki kutembea na mtu yeyote, anakutaka wewe.

Nilimkuta ameshatoka nje, kanzu imekunjwa, vibanio vya nguo mahali pake. Amekonda. Baiskeli nyeusi ilikuwa imeegemezwa ukutani, kitambaa chekundu kwenye spoki.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Ichukue hiyo. Kaa nyuma."

Akanipa na tasbihi. Akaanza kutembea kutoka kwenye nguzo moja ya kijani kwenda nyingine, polepole, na mimi nikimfuata nikisukuma baiskeli. Nilizisikiliza nyayo zake. Kwa mara ya kwanza nilisikia kwamba yeye naye anaburuta, wa kushoto. Tulikwenda muda mrefu. Kisha simu ya binti yake, iliyokuwa ikipima umbali mfukoni mwangu, ikalia.

"Kilomita moja, Fundi. Imetosha. Daktari kasema."

Alisimama, akashika kiuno, pumzi inamwenda mbio. Sikutaka aongeze hata hatua.

"Nguzo iko wapi?" aliuliza.

"Mbele kidogo."

"Basi bado."

"Fundi, hizo za mbele..."

"Nazijua hizo za mbele," alisema. "Hizo sizisahihishi tena." Akavuta pumzi. "Wewe hesabu."

Akaenda. Sikumzuia, na sitamwambia daktari. Alitembea hatua ndogo ndogo, mgongo umenyooka, nami nyuma yake nikiwa na baiskeli yake, pa, pa, pa, punje moja moja chini ya kidole gumba, na machozi yananitiririka kwa kuwa hakuwa ananiona. Nguzo ilikuwa hatua kama sabini mbele, namba yake ya kijani imefifia. Kidole changu kikafika kwenye imamu. Niliacha kuhesabu.